Mapazia ya Kee Blokdijk

Kee Blokdijk alikufa siku ya Alhamisi, saa saba kasoro dakika kumi mchana, na siku hiyo alikuwa na kazi nyingi. Ndoo nne za vitunguu zilikuwa hazijamenywa. Ngazi ya mlangoni ilikuwa haijasuguliwa kwa sababu watu wa filamu walikuwa wakiikanyaga na mabuti yao. Na saa tisa kamili alikuwa akimtarajia Bi Wiersma kutoka ofisi ya ulezi wa watoto. Mtu mwenye siku kama hiyo hafi ovyo ovyo. Lakini mtaa mzima ulikubaliana kwamba amekufa, na mtaa wetu ukishakubaliana jambo, mwenye jambo lake haulizwi tena.

Chanzo cha yote kilikuwa kitanda.

Kee alikuwa mjane. Mumewe, mbeba makaa, alikwenda na ile njaa ya mwisho wa vita, na yeye akabaki na chumba kimoja cha chini chenye dirisha la kutazama barabara. Alikuwa akimenya vitunguu vidogo vya kiwanda cha achari, ndoo kwa ndoo, mezani kwake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, na macho yake yalishaacha kutoa machozi tangu kabla ya vita. Mgeni akiingia kwake dakika mbili tu, anatoka analia kama kafiwa. Kee mwenyewe, kavu.

Manus alikuwa na miaka kumi. Alizaliwa ghorofa ya tatu ya nyumba hiyohiyo. Mama yake alikufa kwa kifua, baba yake akaenda baharini kutafuta maisha na hakuleta habari kama aliyapata. Mwenye nyumba akapangisha chumba chao kofia ya mtoto ikiwa bado imetundikwa msumarini. Mwaka mzima Manus alilala chini ya meza za soko, kwenye masanduku ya samaki, akala vilivyodondoka kwenye mikokoteni, na visipodondoka alivisaidia kudondoka. Askari mmoja alimkamata, Manus akamng'ata kidole. Hatimaye, asubuhi moja ya Januari, Kee alikwenda na koleo kuchota makaa, akakuta kwenye sanduku la makaa kuna kitu kinapumua.

Alimtoa, akamsugua kwa brashi ileile ya ngazi, akampa uji wa shayiri.

"Usije ukafikiri nimekuokota," alimwambia. "Mimi nilikwenda kuchota makaa."

Miaka miwili ikapita hivyo. Manus alilala kwenye viti viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba, akaenda shule siku nyingi kuliko alizotoroka, na alimwita Kee shangazi kama watoto wote wa mtaa walivyomwita. Kisha ikaja barua ya ofisi ya ulezi. Ofisi imesikia kwamba kuna mtoto anayekaa na mtu asiye ndugu yake. Mtoto anatakiwa awe na vitu vitatu: kitanda chake peke yake, chumba safi chenye mwanga, na mlezi mwenye afya njema. Bi Wiersma atakuja Alhamisi, saa tisa, kuvitazama. Kimojawapo kikikosekana, mtoto atapelekwa kwenye nyumba ya watoto kule Drenthe, mbali, kwenye mashamba ya viazi.

Chumba kilikuwepo, na usafi wa Kee ulikuwa unakera hata majirani. Afya alikuwa nayo. Kitanda hakikuwepo, na viti viwili haviwi kitanda hata ukivifunga kwa kamba ya meli.

Hapo ndipo akatokea Bwana Van Helsdingen, mkubwa wa filamu.

Alikuwa mrefu, na alivaa shali hata jua likiwaka. Alikuwa anatengeneza filamu ya kuliza familia nzima, ya mtoto maskini wa mitaani na bibi yake anayekufa kwenye chumba duni. Alipita mtaa kwa mtaa akitafuta umaskini unaofaa. Alipoingia kwa Kee, alisimama katikati ya chumba, akatazama huku na huku, na baada ya dakika mbili machozi yakaanza kumtoka. Wenzake nao wakatokwa. Akasema hajawahi kuingia mahali penye uchungu wa kweli namna hii. Kee akamwonyesha ndoo za vitunguu, lakini bwana mkubwa alikuwa ameshaamua.

Kee akaweka sharti moja. Wao walikuwa wanakuja na kitanda chao cha chuma, cha bibi kufia. Filamu ikiisha, kitanda kibaki. Bwana akakubali, wakaandikiana, na Alhamisi saa nane mchana wawe wameshatoka.

Siku ya kwanza walimwona Manus dirishani. Kee alikuwa amemchana nywele kwa maji na kumfunga kifungo cha juu kabisa.

"Wewe mtoto, hebu sogea," akasema Van Helsdingen. "Unaharibu umaskini."

Mtoto maskini wao alikuja na gari. Aliitwa Diederik, mtoto wa daktari wa meno wa Bloemendaal, kwa matajiri, mwenye mashavu mekundu na meno yaliyopangika vizuri mno. Kila asubuhi mama mmoja alimpaka siagi na masizi. Alipotakiwa kuiba tofaa kwenye mkokoteni, alimwambia muuzaji tafadhali. Manus alipewa kazi ya kumfundisha. Alirudi jioni akitikisa kichwa, akamwambia Kee kwamba mtaani yule hamalizi siku mbili, ataliwa na njiwa.

Na uchafu pia ulikuja na gari, kwenye makopo yenye vibandiko. Waliupuliza ukutani, wakatundika utando wa buibui wa mpira. Kee hakugoma. Lakini mtu wa mtaa wetu akiona vumbi, mkono wake hausubiri ruhusa ya kichwa. Kila walipokuja asubuhi walikuta chumba kinang'aa, utando umekunjwa vizuri mezani, na makopo yamepanguswa. Van Helsdingen alimsihi. Kee akaomba radhi kwa dhati, na kesho yake akasafisha tena.

Alhamisi ilibaki picha moja tu, ya kifo. Saa sita na nusu Kee alimpa Manus taulo na sabuni, akamtuma bafu la umma ingawa haikuwa Jumamosi, na akitoka huko apitie kwa kinyozi. Akamwambia asirudi mapema akachafuka. Arudi saa tisa kamili.

Shida ikaanza na maiti. Mwigizaji wa bibi alikuwa mama mwenye jina lake kwenye tamthilia za mji wa Den Haag. Alilala kitandani, akakunja mikono, akafumba macho, kamera ikaanza, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Wakamfuta, wakarudia. Maiti ikalia tena. Mara ya tatu ikapiga chafya. Yule mama akaondoka kwa hasira, akisema amekufa kwenye majukwaa yote makubwa ya nchi na hajawahi kudharauliwa na kitunguu.

Watu wote wakamgeukia Kee, mtu pekee mle ndani mwenye macho makavu.

"Dakika tano tu, mama," akasema Van Helsdingen. "Unalala tu."

"Hamwezi kuniambia nilale mchana na kazi zote hizi."

"Bila picha hii kitanda nakirudisha studio."

Kee akavua aproni. Wakampaka chaki usoni, wakamlaza, wakamwekea mishumaa miwili kichwani, wakampigisha Diederik magoti kando yake. Kisha fundi wa taa akaenda dirishani, akafunga mapazia.

Kee akainuka palepale. Akasema hapana, mapazia hayafungwi. Kwetu mapazia ni urembo wa dirisha, yanakaa pembeni usiku na mchana, kila apitaye aone kwamba ndani hakuna cha kufichwa. Yanafungwa mchana kwa jambo moja tu, na ndani ya nyumba yenye mapazia yaliyofungwa huwa kuna mtu amelazwa chali. Yale ya Kee mara ya mwisho yalifungwa kwa mumewe. Alimweleza bwana mkubwa yote hayo. Bwana akajibu kwamba kufa kunahitaji giza, na watu wa nje wafikiri wanavyotaka. Kee akatazama kitanda, akawaza kamba na viti viwili, akalala tena.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Toos, muuza vitambaa na nyuzi, mwanamke mwenye kuona kila kitu. Mapazia yale yalitoka dukani kwake. Aliyaona yakifungwa, mkasi ukamdondoka mkononi. Akavuka barabara kwa ncha za vidole, akachungulia kwenye upenyo mdogo ambapo mapazia hayakukutana vizuri. Akamwona Kee mweupe, mikono kifuani, mishumaa miwili, mtoto amepiga magoti analia. Kulikuwa na mwanga mwingine juu yao ambao baadaye aliapa ulikuwa wa mbinguni. Ulikuwa wa umeme.

Akarudi kwake, akafunga mapazia yake. Jirani yake akaona, akafunga ya kwake. Ndani ya nusu saa mtaa mzima ulikuwa umefumba macho, kama inavyopasa mwenzako akifiwa.

Utauliza, kwani hawakujua kuna filamu? Walijua. Mmoja alisema hata kwa sauti, huenda ni mambo ya filamu. Toos akamwuliza kama kuna binadamu mwenye mama, hata awe wa filamu, anayeweza kufunga mapazia mchana bila maiti ndani. Hakuna aliyeweza kumtaja. Basi ikaonekana wazi kwamba Kee amekufa filamu ikiwa inaendelea, na pengine ni hiyo filamu iliyomuua. Tena kila fundi aliyetoka kuvuta sigara alitoka na macho mekundu, anajifuta kwa mkono wa shati, hataki kuongea. Wangetaka ushahidi gani zaidi?

Wakavaa nguo nyeusi. Zikatoka keki za siagi na birika za kahawa. Akafika pia Bwana Kwast wa mfuko wa mazishi, ambaye hata hivyo ilikuwa siku yake ya kuzunguka kukusanya michango. Aliposikia, alivua kofia, akavaa ile nyeusi aliyoibeba mkobani kwa dharura, akatoa futi ya kupimia.

Ndani, dakika tano za Van Helsdingen zilikuwa zimegeuka saa mbili nzima. Mara Diederik alilia sana, mara alitazama kamera, mara aliomba biskuti. Saa nane ikapita. Kee alikumbusha habari ya saa tisa, akaambiwa picha hii ndiyo ya mwisho, ni ndefu, na akijitikisa tu wanaanza upya kesho na kitanda kinalala studio. Alilala pale huku akihesabu kichwani vitu vya kusafisha na dakika zilizobaki, na hesabu haikukubali.

Kisha akasikia breki za baiskeli chini ya dirisha lake, na saa ya kanisa ikagonga. Bi Wiersma hakuchelewa wala kuwahi.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo nyuma ya pazia, kwa ajili ya vitunguu. Kee alisikia kila neno. Alimsikia Toos akimpokea mgeni, akisema samahani umefika siku mbaya. Alisikia sauti nyembamba ya Bi Wiersma ikitoa pole, na mkoba wa ngozi ukifunguliwa. Alisikia kofia ya kalamu ikizunguka. Kuna kitu mtu anaandika kwenye nafasi ya mlezi mwenye afya, na Kee alikijua bila kukiona. Akataka kuruka kitandani. Van Helsdingen, pembeni ya kamera, aliinua kiganja kumwambia bado.

Bi Wiersma alikuwa mtu wa haki, akasema hata hivyo angependa kujua mtoto aliishi vipi. Basi majirani wakaanza kusema. Toos akasema ngazi ya Kee ungeweza kulia chakula juu yake. Mwingine akasema marehemu alimkatia mtoto nyama, yeye akachovya mkate kwenye mchuzi, kila Jumapili, miaka miwili. Mwingine, kwamba alikaa macho siku tisa mtoto alipougua koo, na kumsomea gazeti mpaka matangazo ya vifo. Mwingine, kwamba alimpiga kofi moja tu, siku aliyopanda juu ya barafu nyembamba ya mfereji, halafu akakaa kwenye ngazi akitetemeka yeye.

Kee alishangaa wamejuaje. Akakumbuka kwamba mapazia yake hayajawahi kufungwa. Walimtazama miaka miwili kama wanavyotazama saa ya kanisa, na hawakuwahi kumwambia hata neno jema moja. Toos alikuwa akimlalamikia kila wiki harufu ya vitunguu.

"Na sasa ni nani kati yenu atakayemchukua mtoto?" akauliza Bi Wiersma.

Kee alisikia kijiko kikigonga kikombe, kikaacha. Kisha Toos akasema nyumba yake ni ndogo, imejaa vitambaa. Mwingine akasema ana kifua. Mwingine akasema mtoto yule ni mtoto mzuri lakini anang'ata. Bwana Kwast akasema yeye kazi yake ni upande wa maiti. Halafu kukawa kimya kirefu. Kalamu ikaandika.

Kile kimya kilimuuma Kee kuliko chochote alichowahi kulalia. Aliona wazi Drenthe, viazi, kitanda cha kumi na nne kwenye mstari wa vitanda thelathini, na Manus akiwaza kwamba shangazi yake amekwenda kuchota makaa mahali pengine. Na kwenye uso wake wa chaki, chini ya taa zote zile, kitu cha moto kikaanza kushuka kando ya pua.

"Maiti hii nayo inalia," akanong'ona Van Helsdingen, karibu alie yeye.

Hapo nje ikasikika sauti nyingine.

"Nani kafunga haya mapazia?"

Mwanzoni hakuna aliyemtambua. Alikuwa amenyolewa mpaka masikio yamesimama, shingo nyekundu kwa sabuni ya bafu la umma, taulo begani. Watu walikuwa wamesadiki kwamba Manus yuko ndani amepiga magoti. Toos alimtazama yule mtoto, akalitazama dirisha, akajishika kifua. Kisha akamwinamia.

"Mwanangu Manus, kaa hapa kwanza ule keki. Shangazi yako ametangulia."

"Hajafa," akasema Manus. "Kaniambia nirudi saa tisa."

Bi Wiersma akamwekea mkono begani, akamwambia kwa upole kwamba wakati mwingine watu wanaondoka bila kutuaga. Manus alimsikiliza mpaka mwisho, maana Kee alimfundisha kutomkatiza mtu mzima. Kisha akauondoa ule mkono begani, akampa Bwana Kwast taulo amshikie, akapanda dirishani.

Alilifungua dirisha kwa kisigino, akazishika pembe mbili za mapazia, akavuta. Fimbo ikang'oka na misumari yake, pete zikamwagika sakafuni, kitambaa kikamfunika Diederik aliyeanza kupiga kelele za kweli kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze. Jua la saa tisa likaingia chumbani lote kwa pamoja. Van Helsdingen akasema picha imekwisha. Hakuna aliyemsikia.

Kee akaketi kitandani. Majirani waliokuwa dirishani walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Bwana Kwast, ambaye alikuwa ameshaingia kupitia mlangoni na futi yake, alitafuta mahali pa kukaa, akakaa ndani ya ndoo ya vitunguu.

Manus alisimama mbele ya kitanda. Alitazama chaki ile usoni mwake, michirizi miwili iliyopita kati yake, mishumaa.

"Siku nyingine ukitaka kufa uniambie mapema," akasema. "Nimenyoa bure."

Sauti ilikuwa ya kawaida. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika chuma cha kitanda, na Kee aliiona. Akanyoosha mkono, akamshika sikio, kama alivyozoea kumshika akikosa. Hakulivuta. Alilishika tu, na hakuliachia mpaka mengine yote yalipomalizika.

Bi Wiersma akaingia, akazunguka taa na nyaya, akasimama katikati ya chumba na karatasi yake. Alitazama masizi ukutani, utando wa buibui, siagi sakafuni. Macho yakaanza kumtoka maji. Kee, kwa adabu ya kumpokea mgeni, akasukuma ndoo tatu nje kwa mguu, na ya nne ilikuwa na Bwana Kwast. Macho ya Bi Wiersma yakaendelea vilevile.

"Hapa kwenye karatasi wewe umeshafariki, mama," akasema. "Nimeandika kwa wino."

"Naona," akasema Kee. "Utaniwia radhi."

"Na chumba hiki niandike nini?"

Kee akasema uchafu ule si wake, ulikuja na gari. Van Helsdingen alitaka kukaa kimya, lakini fundi wa taa, ambaye kwa siku tatu alikuwa akinywa kahawa ya Kee, akamletea Bi Wiersma kopo moja. Kibandiko kilisema: Vumbi la Jikoni, Namba Mbili. Bi Wiersma alilisoma kopo lote, pande zote, akalirudisha. Akamgeukia Manus. Akamwuliza, na aseme kweli, kama ana kitanda chake peke yake.

Kamba ya viti ilikuwa bado imening'inia pale pembeni. Manus hakuitazama.

"Ninacho. Ni hiki," akasema. "Huyu namwazima tu akitaka kufa."

Mtu mmoja dirishani alicheka, akajifanya anakohoa. Bi Wiersma hakucheka. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaichana. Kwa mtu wa ofisi yake hilo lilikuwa jambo zito, na inaonekana alilijua, kwa kuwa vipande alivitia mkobani ili asiache takataka. Akatoa karatasi mpya, akaiweka juu ya meza ya vitunguu, akaandika akiwa amesimama. Manus, ambaye mtaani alijifunza kusoma magazeti ya watu wengine kutoka upande wa pili, aliisoma juu chini. Iliandikwa: Mlezi yu hai, nimemwona mwenyewe, saa tisa na dakika ishirini. Kitanda kipo.

Van Helsdingen alijaribu kusema kwamba picha haikukamilika, itabidi kesho. Kee akamwambia ameshamfia mara moja, inatosha. Filamu ilipotoka wakati wa Krismasi, bibi alifia nyuma ya mlango, akatoka muuguzi mmoja akatikisa kichwa. Watu wa mtaa wetu walilipa tiketi wakarudi na hasira, maana wao walikuwa wamemwona akifa vizuri zaidi.

Siku ile yenyewe ilibaki shida moja. Mapazia ya mtaa yalikuwa bado yamefungwa, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kufungua, kwa sababu kufungua kabla ya wafiwa ni utovu wa adabu. Wakakaa gizani na keki zao. Mwisho Kee alitoka, chaki bado usoni, na ndoo na brashi, akapiga magoti kusugua ngazi yake. Dirisha moja likafunguka, kisha la pili. Toos alifungua wa mwisho. Hakusema kitu kuhusu kile kimya cha mchana, Kee naye hakumwuliza. Lakini tangu siku hiyo Toos hakulalamika tena juu ya vitunguu, na kila Jumatatu alimletea mtoto soksi.

Jioni Manus aliokota mapazia, pete zote, na fimbo. Kee alidhani anataka kuvitundika tena, akampa nyundo. Mtoto akavibeba mpaka mferejini, akavitupa, akasimama pale mpaka kitambaa kilipozama. Aliporudi alimrudishia nyundo.

Kee alimgombeza, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizuri. Lakini hakununua kingine. Miaka ishirini na mmoja dirisha lile lilikuwa tupu. Walikula mbele ya watu, wakagombana mbele ya watu, wakabadilisha nguo ndani ya kabati. Toos aliwahi kuwaletea kitambaa cha bure kabisa, Manus akamrudishia mlangoni. Alikua, akawa dereva wa tramu, akapata mke na nyumba upande wa pili wa mji, na kila asubuhi kabla ya zamu alipita kwanza na baiskeli yake mbele ya dirisha lile, akatazama ndani, akaenda zake. Hakushuka. Alitazama tu.

Asubuhi moja ya Februari, Toos, mzee sasa, mgongo umepinda, alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka. Manus aliingia na sare yake ya tramu, kofia mkononi. Akasema anataka kitambaa cha pazia, kizito, na pete zake.

Toos hakumwuliza upana wa dirisha. Alikata, akakunja, akafunga kwa karatasi, akampa. Kisha akaenda kwenye dirisha la duka na kufunga mapazia yake.